Kampuni ya sabuni iliyorusha ndege: tujifunze bei ya chini kwa Jeju Air

Mfanyabiashara mwenzangu, leo tuache kidogo mambo ya picha za bidhaa na kujibu inboksi. Mimi nauza vipodozi vya Kikorea mtandaoni, kwa hiyo habari za Korea Kusini huwa nazifuatilia, hata zisizohusu mafuta ya ngozi. Kampuni inayonivutia kuliko zote haiuzi krimu wala sabuni ya uso. Ni shirika la ndege, linaitwa Jeju Air. Linauza kwa bei ya chini kama wengi wetu, na limeshapitia karibu kila kitu kinachoweza kumkuta muuzaji wa bei ya chini.

Lilianzishwa mwaka 2005 na serikali ya kisiwa cha Jeju ikishirikiana na kundi la makampuni la Aekyung. Sasa Aekyung walijua nini kuhusu ndege? Hawa ni watu wa sabuni. Walianza mwaka 1954. Mwanzilishi akafariki mwaka 1970, na mwaka 1972 mjane wake, mama Chang Young-shin, aliyekuwa na watoto 4, akaingia kuiendesha kampuni. Sabuni ina faida ndogo kwa kila kipande, unapona kwa kuuza vipande vingi. Kwa mtazamo wangu, hicho ndicho walichokwenda nacho kwenye ndege.

Na hawakwenda kutafuta soko lisilo na watu. Jeju ni kisiwa cha mapumziko, kama kilomita 450 kutoka Seoul, na kwa ndege ni saa moja tu. Njia ya kutoka uwanja wa Gimpo wa Seoul kwenda Jeju ni kati ya njia za ndege zenye abiria wengi kuliko zote duniani, zaidi ya viti milioni 10 kwa mwaka. Wakati ule ilikuwa mikononi mwa wakubwa wawili, Korean Air na Asiana. Jeju Air wakaingia hapohapo Juni 2006, na ndege ndogo za propela na nauli iliyo chini ya wakubwa.

Lakini usidhani nauli ndogo peke yake ndiyo iliyowabeba. Kulikuwa na shirika lingine la bei nafuu, Hansung, lililotangulia kuruka mwaka 2005. Mwaka 2008 likasimama, na baadaye likafufuliwa kwa jina jipya, T'way. Soko moja, kisiwa kilekile, bei ya chini ileile.

Tofauti iko kwenye uendeshaji. Mwaka 2008 Jeju Air walianza kuleta Boeing 737-800, na kufika 2010 zile propela wakaziondoa zote, wakabaki na aina moja. Hapa naomba tukae kidogo. Ukiwa na aina moja ya ndege, rubani yeyote anarusha ndege yoyote. Fundi anasomea kitu kimoja. Stoo ya vipuri ni moja. Ndege moja ikiharibika asubuhi, nyingine inachukua nafasi yake bila kubadilisha chochote. Kufika mwisho wa 2024 walikuwa na ndege 41, na 39 kati ya hizo zilikuwa 737-800. Ndani yake wanaweka viti mpaka 189, wakati mashirika ya huduma kamili yanaweka vichache zaidi kwenye ndege hiyohiyo ili abiria anyooshe miguu.

Sasa jiangalie wewe. Unauza viatu, mapazia, vyombo na simu, kila kimoja kina msambazaji wake, kifungashio chake na maswali yake ya wateja. Halafu unashindana bei na mtu anayeuza mapazia tu. Utamwezea wapi?

Jambo la pili ni vile vya pembeni. Nauli unayoiona ni ya kiti. Begi la kwenda chini ya ndege, kuchagua kiti, chakula, hivyo vinalipiwa kulingana na tiketi uliyochagua. Kwetu sisi hii ni ile hoja ya bei pamoja na usafiri au bila usafiri. Mimi nipo upande wa kutenganisha, kwa sababu mteja anayekuja kuchukua mwenyewe hana sababu ya kumlipia boda yule wa Mbezi. Ila gharama isemwe kabla hajalipa. Kumwambia mtu "kuna elfu tano ya usafiri" wakati boda ameshafika mlangoni ni kumfukuza.

Jambo la tatu ni muda. Ndege iliyosimama haiingizi pesa, kwa hiyo mashirika haya yanashusha abiria, yanasafisha haraka, yanapakia, yanaondoka tena. Jeju Air walikuwa wanazitumia ndege zao kwa saa nyingi kwa mwezi kuliko wenzao wa Korea. Wakaingia soko la hisa mwaka 2015, wakaumizwa vibaya na korona kama mashirika yote, na mwaka 2023 wakapata faida ya uendeshaji kubwa kuliko mwaka wowote uliotangulia.

Halafu ikaja tarehe 29 Desemba 2024. Ndege yao kutoka Bangkok ilitua kwa tumbo uwanja wa Muan, ikapita mwisho wa njia na kugonga tuta lenye zege. Watu 179 kati ya 181 walikufa. Wachunguzi walikuta mabaki ya bata wa porini kwenye injini zote mbili. Sitaki kuhusisha msiba ule na bei ya tiketi, hilo ni la wachunguzi. Nataka uone kilichotokea kwenye pesa.

Kufikia mchana wa kesho yake, tiketi kama 68,000 zilikuwa zimefutwa. Kampuni ikasema itarudisha pesa bila kukata. Hesabu zao za mwisho wa Septemba zilionyesha kuwa wateja walikuwa wameshalipia safari ambazo hazijafanyika, jumla zaidi ya won bilioni 250. Pesa taslimu waliyosema wanayo ilikuwa kama won bilioni 140. Soma tena hizo namba mbili. Si kwamba waliiba. Ndivyo biashara ya ndege ilivyo: tiketi ya leo inalipa mafuta ya leo, wakati abiria wake atasafiri Machi.

Na ndivyo zilivyo oda zetu za China na Dubai. Mteja anatuma advansi kwenye lipa namba, wewe unaunganisha na kodi ya chumba na ada ya mtoto, ukitegemea oda za wiki ijayo zitaziba. Zinaziba, mpaka siku mzigo unakwama bandarini na wateja 30 wanataka chao asubuhi moja. Mimi advansi naiweka kwenye laini nyingine kabisa, simu yenyewe ipo kabatini, na inatoka kwa mambo mawili tu: kumlipa msambazaji au kumrudishia mteja. Faida naitoa mzigo ukishapokelewa.

Jeju Air wenyewe walitangaza kupunguza safari kwa asilimia 10 hadi 15 ili mafundi na marubani wapate nafasi zaidi. Kwa kampuni inayoishi kwa kurusha ndege muda wote, hiyo ni pesa nyingi kuiachia. Pia wanaleta 737-8 mpya walizoagiza kwa kununua tangu 2018, 40 kwa jumla, badala ya kuendelea kukodi.

Wewe advansi za wateja unaziweka wapi? Niandikie kwenye komenti, hasa nyie wa oda za nje.