Yangambi: Ganzi ya kiungo kimoja husaidia mbali na mji, ila kipimo kisipite

Yangambi, katika eneo la Isangi, jimbo la Tshopo, iko kando ya mto Kongo, kilomita zipatazo 100 magharibi mwa Kisangani. Mtu akikatwa na panga shambani au akianguka na pikipiki, safari ya kumfikisha mjini ni ndefu. Mahali kama hapo, kutia ganzi kiungo kimoja bila kumlaza mgonjwa usingizi ni msaada mkubwa.

Mbinu hiyo huitwa ganzi ya neva. Mganga hudunga dawa karibu na neva zinazopeleka maumivu kwenye ubongo. Kwa mkono, sindano hupita kwapani; kwa paja, kwenye kinena; kwa wayo, kuzunguka kifundo cha mguu. Mgonjwa hubaki macho na kupumua mwenyewe. Kudunga karibu na mtulinga pia kunawezekana, lakini pafu laweza kutobolewa. Mashine ya ekografi humwonyesha mganga neva, mshipa wa damu na ncha ya sindano.

Hatari kubwa zaidi ni dawa kuingia kwa wingi kwenye damu. Kwa lidokaini isiyo na adrenalini, kipimo cha juu ni miligramu 4.5 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 50 asipite miligramu 225. Hizo ni karibu mililita 22 za dawa ya 1%, lakini ni 11 tu za dawa ya 2%. Asiyesoma chupa vizuri anaweza kutoa mara mbili. Bupivakaini hudumu zaidi, ila ikizidi yaweza kusimamisha moyo.

Kwa hiyo mganga huvuta sindano kwanza kuona kama damu inatoka, kisha hudunga kidogo kidogo huku akizungumza na mgonjwa. Ulimi ukifa ganzi, masikio yakivuma au mdomo ukiwa na ladha ya chuma, mgonjwa aseme mara moja. Hapo dawa husimamishwa, oksijeni hutolewa, na serumu ya mafuta ya 20% huanzishwa: mililita 75 za kwanza kwa mtu wa kilo 50.

Bila oksijeni na vifaa vya kumsaidia mgonjwa kupumua, ganzi ya namna hii isianzishwe. Naye mgonjwa apimwe uzito kabla ya sindano, asikadiriwe kwa macho.