Drepanositozi: tiba ipo, lakini Mabanga ingali mbali nayo

GOMA – Kongo ni kati ya nchi ambamo watoto wengi huzaliwa na drepanositozi, ugonjwa ambao wengi huuita SS. Kwa wazazi wa Mabanga, tiba mpya ingali ndoto.

Kila seli hufungua sehemu za ADN inazozihitaji tu. Mwaka 2013, kwa kupima sehemu zilizo wazi, watafiti wa Marekani walitambua swichi ya jeni BCL11A katika seli zinazozaa damu nyekundu. Ikikatwa, hemoglobini ya mtoto aliye tumboni hurudi. Tangu 2015, hata seli moja moja hupimwa hivyo.

Uingereza iliidhinisha tiba hiyo, Casgevy, Novemba 2023. Marekani bei yake ni dola milioni 2.2. Kwa Mabanga, tumaini la karibu ni kupima damu mapema na dawa ya hidroksiyurea.