Masika Arusha: kwa nini nguo hazikauki chumbani, na hatari ya kuzikausha kwa jiko la mkaa

Masika yakishika, kuanzia Machi hadi Mei, meseji zinazoingia studioni asubuhi hubadilika. Wasikilizaji wanauliza kuhusu sare za shule ambazo Jumatatu alfajiri bado mbichi, na mashati yaliyokauka lakini yananuka uvundo.

Kwa anayeishi chumba kimoja Unga Limited, Ngarenaro au Sakina, shida inaeleweka. Mvua haikatiki, na kamba ya uani inagombaniwa na wapangaji wote. Wengi hufunga kamba chumbani, hufunga dirisha ili baridi isiingie, kisha usiku huingiza jiko la mkaa. Kamba chumbani haina ubaya. Kufunga dirisha ndiko kunakozuia nguo kukauka, na jiko linaua.

Tuanze na dirisha. Maji yanayotoka kwenye nguo hayapotei, yanaingia hewani, na hewa ina kikomo. Chukua chumba cha mita tatu kwa tatu chenye kimo cha mita mbili na nusu. Kwenye nyuzi joto 20, hewa yote ya chumba hicho ikijaa unyevu hubeba takriban gramu 390 za maji, yaani haifiki nusu lita. Na wakati wa masika sehemu kubwa ya nafasi hiyo imeshajaa kabla hujaanika hata leso. Suruali moja ya jinzi iliyokamuliwa kwa mkono inaweza kubaki na nusu lita ya maji au zaidi. Kwa hiyo chumba kilichofungwa hakiwezi kukausha hata hiyo suruali moja. Maji yanayozidi yanatua ukutani, kwenye godoro na nyuma ya kabati, ndiko ukungu mweusi unakoanzia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilieleza kuwa unyevu na ukungu ndani ya nyumba huenda pamoja na kikohozi, kubanwa kifua na pumu.

Jiko la mkaa linadanganya. Hewa ya moto hubeba maji mengi zaidi, hivyo nguo zinaonekana kukauka. Chumba kikipoa alfajiri, maji yaleyale yanarudi ukutani. Lakini hilo ni dogo. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyoonekana wala kunuka. Ukiivuta, inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili unakosa hewa huku unapumua. Mkaa ulioiva, mwekundu usio na moshi, ndio watu huuona salama. Si salama, na hata unapofifia chini ya majivu bado unatoa gesi hiyo.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Aliyelala anaweza asiamke kabisa. Ukiona dalili hizo kwa mtu aliye kwenye chumba chenye jiko, fungua mlango, mtoe nje, mpeleke hospitali haraka. Maziwa, ambayo wengi wetu tumeambiwa huondoa kila sumu, hayaondoi hii.

Basi nguo zikauke vipi? Punguza maji kabla ya kuanika. Baada ya kukamua, tandaza taulo kavu, laza nguo juu yake, vikunje pamoja kama mkeka, kisha songoa. Baada ya saa moja kwenye kamba, rudi ukamue pindo la chini na mikono ya shati, maana maji hushukia huko. Geuza mifuko ya suruali nje. Acha nafasi ya vidole vinne kati ya nguo na nguo. Kamba ikae karibu na dirisha, isipite juu ya kitanda.

Mvua inapopumzika, hata kwa nusu saa, fungua dirisha na mlango kwa pamoja. Hewa ya nje ni ya baridi, ni kweli, lakini inatoa ile iliyojaa. Mwenye umeme aelekeze feni kwenye nguo. Feni ya wati 50 hutumia uniti moja ya Luku kwa saa 20, wakati pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo huimaliza uniti hiyo kwa saa moja. Pasi ibaki ya kumalizia kola na mapindo.

Rundo la Jumamosi halifai majira haya. Fua kidogo kila siku: sare jioni ileile mtoto anaporudi, soksi na chupi usiku, mablanketi na majinzi yasubiri jua. Uvundo huletwa na bakteria wanaozaliana nguo ikikaa mbichi muda mrefu, na marashi hayawatoi. Ifue upya kwa sabuni na maji ya moto, kama kitambaa kinavumilia.

Juni hadi Agosti mvua hupungua lakini baridi na mawingu hubaki, kwa hiyo utaratibu ni huohuo, na jiko libaki nje. Septemba malalamiko yatageuka: nguo zitakauka kwa saa mbili, na vumbi litazikuta kambani. Hapo anika ukiwa umegeuza ndani nje, uanue kabla upepo wa mchana haujaanza.