Mbegu za Mwarobaini Zisiishie Jalalani

Kuanzia Msata hadi Bagamoyo, na ng'ambo Unguja na Pemba, mwarobaini haukosi uani. Wazee wetu waliupa jina hilo kwa kuamini kwamba huponya maradhi arobaini. Majani yake twayachemsha, vijiti vyake twapigia mswaki. Lakini mbegu zake twazifagia pamoja na takataka.

Wenzetu hawakuzifagia. Mwaka 1959 nzige walipovamia Sudan, mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, aliona kuwa mimea mingine imeliwa, bali mwarobaini umesalimika. Mwaka 1968, huko Uingereza, Butterworth na Morgan walizichunguza mbegu zake. Kazi yao ilitaka subira: utomvu wa mbegu ulitenganishwa mafungu mafungu, na kila fungu likajaribiwa kwa nzige. Fungu walilolisusa nzige ndilo lililotenganishwa tena, hata ikapatikana kemikali moja, azadiraktini. Umbo lake ni tata mno. Wakemia wa Cambridge walitumia miaka 22 kuiunda maabarani, wakafaulu mwaka 2007. Mti wa uani huiunda kila msimu bila malipo.

Palipo na elimu, biashara haiko mbali. Mwaka 1994 Ulaya iliipa kampuni ya Marekani, W.R. Grace, pamoja na wizara ya kilimo ya nchi hiyo, hataza ya kuua kuvu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Wahindi walipinga, wakathibitisha kwamba matumizi hayo yalikwisha kujulikana kwao. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufani ikatupwa mwaka 2005.

Tujiulize: je, sisi tungethibitisha kwa lipi? Elimu iliyomo vichwani mwa wazee huzikwa pamoja nao.

Wala sifa ya mti si ushahidi wa usalama. Huko Malaysia watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu hizo walidhurika vibaya, na wengine walifariki. Kwa hiyo twawasihi wazazi wasithubutu kufanya hivyo.

Muhimbili ilianza utafiti wa dawa za asili mwaka 1974. Msingi basi upo. Twawaomba viongozi wa bara na visiwani wahakikishe kwamba maarifa ya wazee yanaandikwa kwa majina yao, na mbegu zinapimwa katika maabara zetu. Mti ni wetu wa kupanda. Elimu yake nayo na iwe yetu.