Bomba la kupumulia hupimwa kwa siku ya balaa

Kila anayetumia sufuria ya presha anajua kazi ya kile kitundu cha mfunikoni. Mvuke ukizidi, hutokea hapo. Kikiziba, sufuria inaweza kulipuka. Viwandani ni vivyo hivyo, ila tangi la huko hubeba maelfu ya lita, na swali ni gumu zaidi: bomba la kupumulia liwe na upana gani?

Desemba 19, 2007, kiwanda cha T2 Laboratories huko Jacksonville, jimbo la Florida, Marekani, kililipuka. Kilikuwa kikitengeneza kemikali ya kuchanganywa na petroli. Watu 4 walikufa na 32 walijeruhiwa, wengi wao wakiwa katika biashara za jirani.

Uchunguzi ulionyesha kuwa maji ya kupoza yalishindwa kufanya kazi na hakukuwa na njia ya akiba. Joto likapanda. Tangi lilikuwa na tundu la inchi 4 lililozibwa kwa kisahani cha chuma cha kupasuka shinikizo likifika karibu bar 28. Ukubwa huo ulielekea kukadiriwa kwa gesi ya siku ya kawaida ya kazi. Kisahani kilipopasuka, mchanganyiko ulikuwa umeanza mmenyuko wa pili wa kutoa joto, mkali zaidi, na tundu halikutosha. Kama kingepangwa kupasuka karibu bar 5, shinikizo lingeweza kutolewa mapema.

Mtego mwingine ni wa hesabu. Kemikali hiyo ilijaribiwa kwanza katika chombo cha kioo cha lita 1, kisha ikapelekwa kwenye tangi la lita 9,300 hivi. Ukizidisha vipimo vya tangi mara mbili, ujazo huongezeka mara 8, lakini eneo la kupozea huongezeka mara 4 tu. Gesi ya kutolewa nayo huweza kufika mara 8, na ili kuipitisha, kipenyo cha bomba kinahitaji kukua karibu mara 3, si mara 2.

Kwa hiyo mhandisi huanza kwa kuorodhesha mabaya yanayoweza kutokea: moto nje ya tangi, valvu iliyofungwa kwa makosa, maji ya kupoza kukatika. Huchukua lililo kubwa kuliko yote. Kisha huangalia njia yenyewe. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba shinikizo linalopotea kabla ya kuifikia valvu lisizidi asilimia 3 ya kiwango ilichopangiwa kufunguka. Likizidi, valvu hufunguka na kujifunga mfululizo hadi iharibike.

Kwetu suala hili linavuka mipaka. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, limeundwa kupashwa joto kwa sababu mafuta hayo yana nta nyingi na huganda yakipoa. Kwa mafuta ya namna hii, upana pekee hautoshi: njia ya dharura ikiachwa baridi, nta inaweza kuiziba kabla ya siku inapohitajika.

Mkaguzi anayeingia kiwandani, awe Kampala, Kigali au Dar es Salaam, asiridhike kuonyeshwa valvu. Aombe karatasi ya hesabu, na aulize ilipigwa kwa ajili ya siku ipi.