Pesa za Matembezi Huishia Njiani

Mji wa Mbarara, nchini Uganda, hauna bustani ya michezo kama zile za Florida au Dubai, zenye treni za kupinduka angani na makasri ya kuigiza. Anayezitaka bembea kubwa za umeme itambidi aende Kampala, kilomita zaidi ya 260, na kwa familia inayotoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale hiyo ni safari ya kulala huko. Hata hivyo, shule zikifungwa Desemba watoto wa kanda zake za Juru, Rubondo na Base Camp huuliza lile lile wanalouliza watoto wa kila mahali: tunaenda wapi?

Nakivale ni makazi makongwe. Yalianza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, zaidi ya watu 150,000, wanalima, wanauza na kusomesha watoto humo. Mfuko wao si mnene. Tangu 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limekuwa likigawa msaada kwa madaraja, na kaya zilizohesabiwa kuwa zinajiweza zikatolewa kwenye orodha. Wapo watakaosema kwamba katika hali hiyo kuzungumzia matembezi ni kejeli. Hoja ina uzito wake, lakini mtoto anayemaliza shule ya msingi bila kuuona mji ulio umbali wa asubuhi moja naye amekosa kitu.

Wazazi wengi hukosea hesabu kwa kuanzia mlangoni. Huuliza kiingilio ni kiasi gani, wakishajua wanaona siku imeshapangwa. Kumbe fungu kubwa huliwa na barabara. Familia ya watu sita hupanda boda mbili au tatu hadi kituo cha taksi, hulipa nauli hadi Mbarara, kilomita zaidi ya 50, hupanda boda tena mjini, kisha huyarudia yote hayo jioni, watoto wakiwa wamechoka na baba hana tena nguvu ya kubishania bei. Hapo ndipo pa kubana.

Taksi ya kawaida ya Uganda ina leseni ya kubeba abiria 14. Familia tatu zikiikodi kwa siku nzima, safari za boda zinafutika, na gari linawasubiri wanakokwenda. Bei hupatanwa, haiandikwi ukutani, kwa hiyo mambo mawili yasemwe mapema, mbele ya watu: mafuta ni ya nani, na dereva atasubiri hadi saa ngapi. Asiyeyasema asubuhi atayalipia jioni.

Tarehe nayo ina bei yake. Kuanzia kama tarehe 20 Desemba Waganda wengi hurudi vijijini kwa Krismasi, magari hujaa na nauli hupanda, wakati mwingine maradufu. Wiki mbili za kwanza baada ya shule kufungwa ni tulivu zaidi. Januari pia gari hupatikana, ila Januari ina kisirani chake kiitwacho ada.

Sasa, kwenda wapi? Hoteli kadhaa za Mbarara hufungulia umma mabwawa yao ya kuogelea, na siku za sikukuu huweka majumba ya upepo ya kurukia na michezo mingine ya watoto. Biashara hii humtoza mgeni kwa njia mbili, na ni vyema kuzijua. Disneyland ya California ilipofunguliwa mwaka 1955, mtu alilipa kidogo getini kisha akalipia kila mchezo peke yake. Miezi michache baadaye vikaja vitabu vya tiketi, na mwaka 1982 vikaondolewa kabisa, ikabaki bei moja ya siku nzima. Mbarara utazikuta njia zote mbili. Bei moja inamfaa mwenye watoto watano wasiochoka. Mwenye mtoto mmoja mwoga wa maji ataambulia hasara, bora alipie kila mruko. Jambo la kuuliza kwa simu kabla ya kutoka nyumbani ni kama bwawa limo ndani ya bei hiyo, na kama chakula cha kutoka nyumbani kinaruhusiwa, kwa sababu hoteli nyingi hazikitaki.

Kwa watoto wakubwa kidogo, Biharwe inawafaa zaidi kuliko bwawa. Ni kama kilomita 12 kutoka mjini, kwenye barabara kuu ya Kampala. Hapo kipo Kituo cha Utamaduni cha Igongo, chenye makumbusho ya maisha ya watu wa Ankole na jirani zao: vyombo vya maziwa, mikuki, nyumba za jadi. Karibu yake, kilimani, umejengwa mnara wa kukumbuka kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520. Masimulizi yanasema mfalme Olimi wa Bunyoro alikuwa akirudi kutoka vitani na ng'ombe aliowateka, giza likaingia mchana, yeye na jeshi lake wakatimua mbio na kuwaacha ng'ombe hapo hapo. Watu wa Nkore, yaani Ankole, wakawaokota na kusema wameshuka kutoka mbinguni. Wanahistoria wanaipenda hadithi hii kwa sababu wanaastronomia wanaweza kuikokotoa siku yenyewe ya kupatwa huko, na hivyo tarehe za wafalme wa eneo hili zikapata pa kushikilia. Mtoto wa miaka kumi ataipenda kwa sababu ya ng'ombe.

Safari ghali zaidi kati ya zote ni mbuga ya Ziwa Mburo. Ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1983, ina kilomita za mraba zipatazo 370, na kutoka Mbarara unapita Sanga kisha unaingia ndani. Pundamilia, swala pala, nyati na viboko ni wengi, na tangu 2015 wamo twiga walioletwa kutoka Murchison Falls. Kwa kuwa haina tembo, mgeni anaweza kutembea kwa miguu akiwa na askari wa mbuga, jambo ambalo katika mbuga nyingine haliwezekani kirahisi.

Viingilio vya mbuga hizi hupangwa kwa uraia. Mgeni kutoka nje hulipa kwa dola, mgeni mkazi hulipa pungufu yake, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022 na Somalia 2024. Maana yake wakazi wengi wa Nakivale ni raia wa nchi wanachama, ingawa wengi wao hawana pasipoti. Kabla ya kukodi gari, mmoja wa wazazi apige simu kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda aulize kama kadi ya mkimbizi inakubaliwa kuwa ushahidi wa uraia. Jibu la simu hiyo moja linaweza kuokoa pesa kuliko mbinu nyingine zote zilizomo humu. Gari nalo hulipiwa getini, jambo linalosahaulika mara nyingi. Na kama shule inaweza kushawishiwa kuandaa ziara, itakuwa nafuu zaidi, kwa kuwa makundi ya wanafunzi yana bei yao.

Pa bure pia papo. Ziwa Nakivale na Ziwa Mburo ni sehemu ya ardhioevu moja, iliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ndege wa majini wanaowafurahisha watalii upande wa Mburo wanaonekana Nakivale bila tiketi. Watoto wasiachwe kuoga ziwani, lakini kukaa ufukweni asubuhi na kula ngege wa kukaanga ni matembezi kamili.

Kuhusu chakula hakuna mengi ya kusema: wali, chapati, mayai ya kuchemsha na dumu la maji vikitoka nyumbani, pesa ya soda inabaki kuwa pesa ya soda.

Zitatoka wapi pesa hizi? Nakivale haihitaji kufundishwa kuweka akiba. Wasomali wana ayuuto, Wakongomani wana likelemba, na vikundi vya sanduku lenye kufuli tatu, mtindo ulioanzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, vimeenea sana. Tatizo ni kwamba mgao wa Desemba una wenyewe: ada, sare, deni la duka. Kinachosaidia ni mfuko wa pili, mdogo, usioguswa. Familia ikiweka shilingi 3,000 kwa wiki kuanzia Februari, baada ya wiki 40 ina 120,000. Familia tatu zina 360,000 za kwenda nazo kwa dereva. Zikiwekwa kwenye simu, zitolewe mara moja: kodi ya asilimia 0.5 hukatwa katika kila unachotoa, na makato ya kampuni hupangwa kwa viwango, hivyo kutoa kidogo kidogo kwa kawaida hugharimu zaidi.

Mabishano makali zaidi huja mwishoni, wakati wa kugawa viti. Viti ni 14, na wazazi wote wakienda watoto wengine watabaki. Watu wazima watatu na watoto kumi na mmoja ni mgawanyo mzuri: kiingilio cha mtoto huwa pungufu ya cha mkubwa, na mtu mzima mmoja anaweza kuwaangalia watoto watatu au wanne hata kando ya bwawa. Watatu hao wabebe kadi zao na karatasi za familia za watoto wote waliomo, na majina ya watakaobaki safari hii yaandikwe ya kwanza kwenye daftari la safari ijayo.