Kupima Ulevi Kabla ya Kupanda Mkarafuu

Mkarafuu mrefu si mahali pa mtu aliyelewa. Tawi lake ni jepesi kukatika, na mchumaji hana cha kushika ila hilo hilo. Basi twaona yafaa wenye mashamba wawapime watu pumzi asubuhi, kabla hawajapanda.

Chombo chenyewe si cha jana. Robert Borkenstein wa Indiana, Marekani, alikitengeneza mwaka 1954, na siku hizi vipo vidogo vya mkononi. Mtu hupuliza, namba ikatoka. Lakini aliyekunywa punde hivi hutoa namba kubwa kupita kiasi, kwa kileo kilichobaki kinywani. Angoje dakika 15, apimwe tena, ndipo aamuliwe. Na aliyelala amelewa huenda akaamka kileo kingali damuni, maana mwili hukitoa polepole, wala kahawa haiharakishi.

Sharti litangazwe kabla ya msimu. Wa kwanza kupimwa awe msimamizi (hapo ndipo wengi watasita!), kisha dereva wa gari la karafuu. Atakayekutwa na kileo asiaibishwe mbele ya wenziwe, wala asifukuzwe papo hapo, wengine wasije wakajificha. Siku hiyo akae chini, achambue karafuu na makonyo, kwa ujira wa kazi hiyo.